Makamu na Mgombea Mwenza: Habari za Kuchaguliwa kwa Mtu wa Pili katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania

Katika lugha ya siasa ya Tanzania yako maneno mawili yanayotajwa pamoja, walakini hayakuzaliwa pamoja. La kwanza ni makamu. Hili ni la zamani. Lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni mahali pa kusimama. Ndugu yake ni kaimu, yaani mtu asimamaye mahali pa mwingine kwa muda. La pili ni mgombea mwenza, nalo lilienea katika vinywa vya watu baada ya kuingia kwa vyama vingi. Mwenza ni mtu ashirikianaye na mwenziwe katika jambo moja. Hunenwa mke mwenza kwa wake waliomo katika nyumba ya mume mmoja. Basi mgombea mwenza ni mtu agombeaye pamoja na mwingine, nao hupigiwa kura moja wote wawili. Mmoja hawezi kushinda mwingine akashindwa.

Tangu 1964 hata 1995 Jamhuri ya Muungano ilikuwa na makamu bila ya kuwa na mgombea mwenza. Tangu 1995 hakuna awezaye kuwa makamu asipokuwa kwanza mgombea mwenza, ila kiti kikibaki wazi katikati ya muhula. Badiliko hilo huonekana dogo likitazamwa juu juu. Lakini ndani yake limo swali ambalo halijapata jibu la kuwaridhisha wote: mtu wa pili wa nchi ni wa nani, wa wale anaotoka kwao, au wa yule aliyemchagua?

Mtu wa pili katika Tanzania ana kazi mbili zisizofanana. Kazi ya kwanza ni kuwa dalili ya Muungano, ili sehemu moja isiseme kwamba imesahauliwa katika uongozi. Kazi ya pili ni kungoja. Rais akifa, akijiuzulu au akiondolewa, yeye ndiye hushika nchi. Historia yaonyesha kwamba katika kumchagua, waliochagua walitazama zaidi kazi ya kwanza, maana ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yao kila siku. Kazi ya pili ilikuja yenyewe, bila ya kubisha hodi.

Mwanzo wa habari hizi ni Hati za Muungano zilizotiwa sahihi na Julius Nyerere na Abeid Amani Karume tarehe 22 Aprili 1964, Muungano wenyewe ukaanza tarehe 26 ya mwezi huo. Hati ziliweka makamu wawili. Karume, aliyekuwa Rais wa Zanzibar tangu Mapinduzi ya Januari mwaka huo, akawa Makamu wa Kwanza. Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Tanganyika tangu Desemba 1962, akawa wa Pili. Tofauti yao haikuwa ya namba tu. Kawawa alikuwa msaidizi wa Nyerere, naye alipata cheo chake kwa kuaminiwa na Nyerere. Karume hakuhitaji kuaminiwa na mtu ili awe makamu. Alikuwa makamu kwa sababu alikuwa Rais wa Zanzibar, na nguvu zake zilikuwa na shina lake Unguja.

Mpango huo ulikuwa na faida iliyo wazi. Makamu aliyetoka Zanzibar hakuwa mtu wa kupewa kiti ili picha ipendeze. Alikuwa na serikali nyuma yake. Aliposema, ilijulikana kwamba Zanzibar imesema. Lakini ulikuwa na udhaifu pia, maana vyeo viwili viliwekwa juu ya bega moja. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe alirithi yote, urais wa Zanzibar pamoja na umakamu. Na Jumbe alipojiuzulu Januari 1984, baada ya kukabiliwa na Halmashauri Kuu ya Chama huko Dodoma, vyeo vyake vyote vilimwondokea pamoja. Ali Hassan Mwinyi akashika nafasi ya Zanzibar, na kwa hiyo akawa pia makamu katika Muungano.

Siku zile mwananchi hakuulizwa habari za makamu katika sanduku la kura. Chama kilikuwa kimoja, mgombea urais alikuwa mmoja, na mpiga kura alijibu ndiyo au hapana. Aliyempigia Nyerere kura alijua ni nani Rais wa Zanzibar, na kwa hiyo alimjua makamu bila ya kutajiwa. Maadamu hapakuwa na chama cha upinzani upande wowote, hesabu haikuweza kuharibika. Hata Nyerere alipong'atuka mwaka 1985, Chama Cha Mapinduzi kilimteua Mwinyi kuwa mgombea urais, na njia aliyopita ilikuwa ni umakamu. Katika habari za Mwinyi limo jambo la kuzingatiwa: alizaliwa Kivure, katika Mkoa wa Pwani, upande wa Bara, akakulia Unguja, na katika siasa alihesabiwa kuwa Mzanzibari. Basi kutoka sehemu moja ya Muungano hakukupimwa kwa mahali pa kuzaliwa peke yake.

Mwinyi alipokuwa Rais, makamu wawili walirudi kwa sura nyingine. Waziri Mkuu, mtu wa Bara, alikuwa Makamu wa Kwanza. Rais wa Zanzibar akawa wa Pili. Joseph Warioba, John Malecela na Cleopa Msuya, kila mmoja kwa zamu yake, walishika nafasi ile ya kwanza. Idris Abdul Wakil na baadaye Salmin Amour walishika ile ya pili.

Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa, na hapo ndipo ufa ulipoonekana ukutani. Ingekuwaje kama Wazanzibari wangemchagua Rais wa chama kimoja, nayo Jamhuri ya Muungano ikapata Rais wa chama kingine? Kwa mpango wa zamani, mshindani wa Rais angeingia Ikulu kwa mlango wa mbele akiwa makamu wake. Tena kama Rais angefariki, nchi ingeweza kuangukia chama ambacho wapiga kura walikikataa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Chama cha CUF kilikuwa na nguvu nyingi Visiwani, hasa Pemba.

Shida hiyo ilikuwa imeonekana mahali pengine karibu karne mbili kabla. Katiba ya Marekani hapo kwanza iliagiza kwamba apataye kura nyingi kutoka kwa wajumbe wa uchaguzi awe Rais, na anayemfuata awe makamu. Mwaka 1796 John Adams akawa Rais, na Thomas Jefferson, mpinzani wake, akawa makamu wake. Mwaka 1800 ikawa vibaya zaidi: Jefferson na Aaron Burr, waliokuwa wa upande mmoja, walipata kura 73 kila mmoja, na Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 kabla ya kumpata Rais. Mwaka 1804 Katiba ilirekebishwa ili kura ya Rais itengwe na kura ya makamu, na tangu hapo vyama vikazoea kutoa watu wawili kwa pamoja. Dawa hiyo ndiyo iliyotumiwa na Tanzania, lakini ilitiwa katika jeraha la namna nyingine. Huko Marekani dawa ilitenganisha wapinzani wawili. Katika Tanzania, pamoja na kutenganisha wapinzani, ilikata kamba iliyofunga serikali mbili.

Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba, ya mwaka 1994, yaliagiza kwamba makamu awe mmoja, apendekezwe na chama kile kile kimpendekezacho mgombea urais, na wapigiwe kura pamoja. Sharti la Muungano likabaki: Rais akitoka sehemu moja, makamu atoke sehemu ya pili. Rais wa Zanzibar hakuwa tena makamu. Akawa mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano. Marekebisho hayo yalikuja baada ya miaka miwili ya joto kali. Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya nchi za Kiislamu na kujitoa mwaka 1993, na wabunge 55 walikuwa wametaka serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Zanzibar wengi hawakuridhika. Walisema kwamba Rais wao, aliyekuwa wa pili katika Hati za mwaka 1964, amesogezwa akae katika safu ya mawaziri, na mahali pake pamewekwa mtu ambaye si wao waliomchagua.

Manung'uniko hayo hayawezi kupuuzwa, na hesabu ya watu huyapa uzito. Katika sensa ya mwaka 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na katika hao wa Zanzibar walikuwa 1,889,773, yaani kama watatu katika kila mia. Basi mgombea mwenza atokaye Zanzibar hupata cheo chake, kwa sehemu kubwa sana, kwa kura za watu wa Bara. Aweza kushinda hata kama Zanzibar yote imemkataa. Na kwa sababu hiyo hiyo, mgombea urais wa Bara hamchagui mwenza wa Zanzibar ili aongeze kura, kwa kuwa kura hizo ni chache. Humchagua ili Muungano uonekane umetimia. Hapa Tanzania hutofautiana na jirani yake Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 ilileta pia mgombea mwenza, lakini bila ya sharti la sehemu. Huko mwenza hutafutwa kwa hesabu ya kura. Uhuru Kenyatta alimchukua William Ruto mwaka 2013, na Ruto akamchukua Rigathi Gachagua wa Mlima Kenya mwaka 2022, na kila mara ilijulikana ni watu wa wapi walioitwa waje. Tena ilijulikana kwamba mapatano yaliyofungwa kwa kura hulegea kura zikiisha: Gachagua aliondolewa na Seneti Oktoba 2024.

Mgombea mwenza wa kwanza kushinda katika Tanzania alikuwa Dakta Omar Ali Juma, aliyegombea pamoja na Benjamin Mkapa mwaka 1995. Alikuwa daktari wa mifugo, mzaliwa wa Pemba, na Waziri Kiongozi wa Zanzibar tangu 1988, alipochukua nafasi ya Seif Sharif Hamad. Katika uchaguzi huo CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na Salmin Amour alitangazwa mshindi wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif. Kumweka Mpemba katika nafasi ya pili ya nchi, wakati Pemba imekipa chama kisogo, hakukuwa jambo la bahati. Omar Ali Juma alifariki tarehe 4 Julai 2001, akiwa madarakani. Aliyeteuliwa mahali pake, na kuthibitishwa na Bunge, alikuwa Dakta Ali Mohamed Shein, naye pia Mpemba, na pia mtu wa taaluma ya tiba. Ilitokea miezi michache baada ya Januari 2001, ambapo damu ilimwagika Pemba katika maandamano ya CUF.

Mwaka 2005 Shein aligombea pamoja na Jakaya Kikwete, na mwaka huo ndio uliodhihirisha kwa wote uzito wa mwenza katika sheria. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Oktoba, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, alifariki. Chama chake hakikutazamiwa kushinda; lakini kwa kuwa Rais na makamu ni kura moja, kifo cha mmoja kilikuwa kimeondoa nusu ya jina katika karatasi. Uchaguzi wa Muungano nchi nzima uliahirishwa hata tarehe 14 Desemba, na Zanzibar peke yake ikaendelea na uchaguzi wake. Watu wengi ambao hawakuwa wamepata kulisikia jina la mwenza huyo walilijua siku alipokwisha kuzikwa.

Mwaka 2010 ulionyesha jambo jingine, nalo ni thamani ya kiti chenyewe machoni pa wanasiasa wa Zanzibar. Shein aliacha umakamu akagombea urais wa Zanzibar. Dakta Mohamed Gharib Bilal, mtaalamu wa fizikia ya nyuklia na Waziri Kiongozi wa zamani, aliutafuta urais huo huo ndani ya chama, akashindwa na Shein. Kisha Kikwete akamchukua kuwa mgombea mwenza. Basi wawili hao walipishana mlangoni, na aliyeshinda ndiye aliyekwenda Unguja. Upande wa upinzani vile vile, Seif Sharif Hamad, aliyekuwa mwanasiasa mwenye nguvu kuliko wote Visiwani nje ya CCM, aligombea urais wa Zanzibar uchaguzi baada ya uchaguzi. Umakamu wa Muungano hakuugombea. Mwenye nguvu zake alitaka kiti ambacho angekalia kwa kura za kwao.

Kwa hiyo waliokubali kuwa wenza katika CCM walikuwa watu wa tabia moja. Wote walikuwa wamepata kutumika katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Walikuwa watu wa elimu na kazi za ofisi, wasiojulikana kwa kelele, wasio na jeshi la wafuasi ambalo lingemtia Rais wasiwasi. Katiba haisemi mwenza apatikane vipi ndani ya chama. Kwa desturi mgombea urais hupatikana kwanza, Dodoma, ndipo jina la mwenza litajwe, likiwa limekwisha kusemezanwa faraghani. Na mkutano hulipokea kwa shangwe. Mtu hushindania urais, lakini umakamu huitiwa. Aliyeitwa hakuwahi kuulizwa hadharani angetawala vipi kama angekuwa peke yake.

Mwaka 2015 desturi hiyo ilizaa mambo mawili. Upande wa upinzani, Edward Lowassa alitoka CCM akajiunga na CHADEMA mwisho wa Julai, na Juma Duni Haji akatoka CUF akajiunga na CHADEMA mwezi Agosti, kwa kuwa Katiba yataka wawili hao wawe wa chama kimoja. Kikawa chama kimoja chenye wagombea wawili, na wote wawili wageni wa wiki chache. Upande wa CCM, John Magufuli alipopita mbele ya Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro tarehe 12 Julai, jina lililotajwa kuwa mwenza wake lilikuwa la Samia Suluhu Hassan. Alikuwa mbunge wa Makunduchi, waziri wa mambo ya Muungano katika Ofisi ya Makamu wa Rais, na kabla ya hapo waziri katika serikali ya Zanzibar. Mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Tarehe 5 Novemba 2015 aliapa, mwanamke wa kwanza kuwa makamu katika nchi hiyo. Mwaka 2020 waligombea tena pamoja.

Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Alikuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri hiyo kufariki akiwa madarakani, na muhula wake wa pili ulikuwa na miezi minne tu na siku kidogo. Tarehe 19 Machi Samia aliapishwa Dar es Salaam kushika muda uliobaki, uliozidi miaka minne na nusu. Katiba huhesabu muda wa miaka mitatu au zaidi kuwa kama muhula mzima, hata ikabaki nafasi ya kuchaguliwa mara moja tu. Ndipo nchi ilipotambua kile kilichokuwamo katika karatasi ya kura tangu 1995: kila mpiga kura alikuwa amechagua marais wawili, mmoja wa leo na mmoja wa akiba. Wazanzibari wawili wamepata kuwa Rais wa Muungano, na wote wawili walikuwa makamu kwanza. Mwinyi alipita mlango wa zamani, kwa kuwa Rais wa Zanzibar. Samia alipita mlango mpya, kwa kuwa mwenza.

Kwa kuwa Rais sasa ametoka Zanzibar, sharti la Katiba liligeuka. Dakta Philip Mpango, mtu wa Kigoma, aliteuliwa na kuthibitishwa na Bunge mwisho wa Machi 2021. Naye alipoomba kupumzika, Mkutano Mkuu wa CCM wa Januari 2025 huko Dodoma ulimpitisha Samia pamoja na Emmanuel Nchimbi, aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama, miezi tisa kabla ya uchaguzi. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanywa bila ya CHADEMA kuwemo, na damu ya raia ilimwagika; habari hizo zina uzito wake, nazo zastahili makala yake. Katika habari za mwenza lililo jipya ni hili: mara hii mwenza hakutoka katika sehemu yenye watatu katika mia, ila katika ile yenye tisini na saba. Mwenza wa namna hiyo hatazamwi kuwa dalili ya Muungano tu. Hutazamwa na wengi kuwa mrithi tangu siku ya kutajwa kwake.

Je, mpango wa mwaka 1994 ulikosea? Uliondoa hatari ya kweli, maana Rais na makamu wa vyama vinavyopingana wangeifanya Ikulu kuwa uwanja wa mapambano. Lakini uliondoa pia kitu kilichokuwa na thamani, yaani sauti ya Zanzibar iliyochaguliwa na Zanzibar yenyewe. Bunge Maalumu la mwaka 2014 lililiona pengo hilo. Katiba Inayopendekezwa iliweka makamu watatu: mgombea mwenza awe wa kwanza, Rais wa Zanzibar wa pili, na Waziri Mkuu wa tatu. Kwa mpango huo kazi mbili za makamu zingetengwa: mmoja angengoja, na mwingine angesema kwa niaba ya watu wake. Kura ya maoni iliyokusudiwa Aprili 2015 haikufanywa, na jambo likabaki lilipo.

Hata hivyo, liwalo lolote katika Katiba, desturi ya vyama yaweza kurekebishwa bila ya kungoja sheria. Omar Ali Juma alikufa kabla ya Rais wake, na Samia Suluhu Hassan aliishi baada ya wake. Mwanadamu hakupewa kujua yupi atatangulia. Mkutano unaoshangilia jina la mwenza waweza kabla ya kushangilia kumwuliza yale yale aliyoulizwa mgombea urais. Na mpiga kura, akiona nyuso mbili katika karatasi moja, ana haki ya kuutazama uso wa pili kwa muda ule ule anaoutazama wa kwanza.